Daraja la Mtaa wa Topeni

Nchi ya Zumbara haimo katika ramani yoyote, na wachora ramani wanasema haijapata kuwamo. Hatubishani nao, wao wana vipimo, sisi tuna mdomo tu. Lakini Zumbara ilikuwako. Ilikuwa na bendera, na mizinga ya kupokelea wageni, na Liwali ambaye majina na vyeo vyake vilikuwa vingi hata mpiga mbiu akawa hana budi kupumzika katikati na kunywa maji. Sisi tutamwita Mtukufu Liwali, kama walivyomwita raia wake siku walizokuwa na haraka.

Kitu ambacho Zumbara haikuwa nacho ni barabara. Watu walipita vichochoroni, na vichochoro vilipita vilikotaka vyenyewe. Hakuna aliyelalamika mpaka mwanzoni mwa karne iliyopita, pale mfalme mmoja wa ng'ambo, aliyekuwa akizimezea mate karafuu za Zumbara, alipomletea Liwali zawadi ya motokaa. Ilikuwa nyekundu, ina pembe ya shaba, na taa zake zilikodoa kama macho ya mtu aliyeshtuliwa usingizini.

Liwali aliipenda mno. Akapanda, dereva akaiwasha, ikauzunguka mlingoti wa bendera uliokuwa katikati ya ua wa jumba. Ikauzunguka tena. Hapakuwa na pengine pa kwenda. Basi kila jioni Mtukufu akawa anasafiri kuuzunguka mlingoti, na wazee wa baraza wamesimama pembeni kumuaga na kumpokea, kumuaga na kumpokea. Mvua za vuli zilipoingia, motokaa ilikwisha chimba handaki, na waliosimama uani wakawa wanakiona kilemba cha Liwali peke yake kikizunguka juu ya ardhi.

Hapo ndipo mkewe, Bi Mkubwa, aliposema neno. Mama yake alikuwa akikaa mwisho wa mtaa wa Topeni, na Liwali hakuwa amekwenda kumwamkia tangu siku ya harusi. Kila akikumbushwa, alishika kifua na kueleza kwa huzuni kubwa kwamba moyo wake uko kwa mkwewe usiku na mchana, ila tope la mtaa ule halistahili mguu wa dola. Sasa Bi Mkubwa akamwambia: motokaa unayo, mafundi unao, jenga barabara mpaka kwa mama. Aliyasema hayo mbele ya wazee wa baraza, nao wakaitikia kwa vichwa. Kwa hiyo barabara ikaamriwa. Watoto wa shule za Zumbara walifundishwa baadaye kwamba barabara ile ilizaliwa na maono ya maendeleo, nasi hatuna sababu ya kuwaharibia masomo.

* * *

Mtaa wa Topeni ulistahili jina lake. Wakati wa masika mtu alitoka nyumbani na viatu viwili akarudi na kimoja, na wenyeji walisalimiana kwa kuulizana wamevukaje. Kichochoro chake kilikuja moja kwa moja kutoka upande wa jumba, kikaifikia nyumba moja ya mawe na udongo, kikaizunguka kwa adabu, kisha kikaendelea hadi kwa mkwewe Liwali. Nyumba hiyo ilikuwa ya Bi Mwantumu.

Bi Mwantumu alikuwa mpishi wa harusi, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, ambaye hakupata kugombana na mtu kwa sababu alikuwa na kawaida ya kukubali kila anachoambiwa na kisha kufanya lake. Mumewe, Mzee Pandu, alikuwa seremala. Mzee Pandu hakuogopa nyoka wala hakuogopa jini, ila akimwona mtu aliyevaa kofia yenye kifungo cha shaba, hutafuta pa kujificha. Walikuwa na binti mmoja tu, Riziki, ambaye mume wake alikuwa bara kwenye kazi ya reli. Riziki alikuwa amepoteza mimba mara mbili. Sasa alikuwa na ya tatu, na amekuja kujifungulia kwa mama yake, chumba cha mkono wa kulia ukiingia ukumbini.

Habari za barabara ziliposikika, Topeni nzima ilifurahi, na Bi Mwantumu akapika bokoboko akawagawia majirani. Hakujua bado kwamba barabara ile ilikuwa na maoni yake kuhusu nyumba yake.

Kazi haikuanza mara moja, maana kulikuwa na swali. Je, njia ya Topeni ni barabara au ni mtaa? Zumbara ilikuwa na Idara ya Barabara, ingawa haikuwa na barabara. Ilikuwa pia na Idara ya Mitaa, ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kuhakikisha kwamba Idara ya Barabara haiingilii mitaa. Mkuu wa Barabara, Bwana Ghalibu, mrefu kama mnara, na Mkuu wa Mitaa, Bwana Zaharani, mfupi mwenye tumbo la heshima, hawakuwa wakisemeshana tangu mmoja alipomkanyaga mwenzake joho katika maandamano ya Idi. Nani alimkanyaga nani, kila idara ilikuwa na mashahidi wake.

Baraza lilijadili swali hilo masika nzima. Mwishowe Liwali akakata shauri kwa hekima iliyoliza wazee: nusu ya njia iwe barabara, nusu iwe mtaa. Bwana Ghalibu aanzie jumbani, Bwana Zaharani aanzie kwa mkwe, wakutane katikati.

Wakaanza. Upande wa jumba zikaja kokoto kwa mikokoteni, na jiwe kubwa la mviringo la kushindilia likivutwa na maksai. Upande wa mkwe zikaja kokoto nyingine, kubwa kidogo, ili isidhaniwe kwamba zimeigwa. Mapipa ya lami yakachemshwa pande zote mbili mpaka wali wa Topeni nzima ukawa unanuka lami. Kuku walinasa. Mbuzi wa jirani mmoja alikatiza lami ikiwa bado laini, akaacha alama za kwato, akakamatwa kwa kosa la kutia sahihi juu ya mali ya dola bila cheo. Alikaa kizuizini mpaka alipozaa, ndipo ikaonekana kwamba dola haikuwa na lishe ya kutosha.

Mabwana wale wawili hawakukubaliana juu ya jambo lolote isipokuwa moja. Kila mmoja, kwa wakati wake na mbele ya vibarua wake, alipanda juu ya pipa akahutubia kwamba barabara ya dola haipindi. Kupinda, alisema Bwana Ghalibu, ni tabia ya vichochoro na ya watu wenye la kuficha. Bwana Zaharani alisema maneno hayo hayo, ila akaongeza hadithi ya ujana wake.

Kwa hiyo barabara ikaja imenyooka kutoka huku, na ikaja imenyooka kutoka kule. Na asubuhi ile Riziki alipojifungua mtoto wa kike baada ya uchungu mrefu uliokaribia kumwondoa duniani, lami ya Bwana Ghalibu ilikuwa imefika kwenye kizingiti cha mbele cha nyumba, na lami ya Bwana Zaharani imefika kwenye kizingiti cha nyuma.

* * *

Mkunga alimwambia Bi Mwantumu maneno machache. Riziki amepoteza damu nyingi, asinyanyuliwe, asisogezwe, asitiwe hofu. Bi Mwantumu akaitikia. Akatoka chumbani kwenda kupika uji, na papo hapo akasikia hodi mbili kwa wakati mmoja, moja mlango wa mbele, moja mlango wa nyuma.

Akawakaribisha wote. Mabwana wakaingia ukumbini, wakakaa kwenye mkeka, wamepeana mgongo. Kila mmoja akamwomba Bi Mwantumu amfikishie mwenzake ujumbe. Bwana Ghalibu alitaka bwana aliye nyuma yake aambiwe kwamba nyumba hii imesimama katika nusu ya mtaa, kwa hiyo kuivunja ni kazi ya mtaa. Bwana Zaharani alitaka bwana aliye nyuma yake aambiwe kwamba nyumba hii ni ya barabara kabisa, maana mlango wake wa mbele unatazama jumba. Bi Mwantumu, aliyeketi kati yao na mwiko mkononi, akayahamisha maneno kutoka mgongo hadi mgongo kwa uaminifu mpaka alipofahamu kwamba yanayozungumzwa ni kuta zake.

Hapo akawakumbusha, kwa ile sauti yake ndogo, kwamba ndani mna mzazi. Na katika Zumbara, babu yake Liwali aliacha sheria moja ambayo kila mtu aliijua: nyumba yenye mzazi haivunjwi, wala watu wake hawatolewi, mpaka arobaini ipite.

Mabwana wakahesabu siku kwa vidole. Siku ya ufunguzi ilikwisha tangazwa. Ilikuwa sikukuu ya kutawazwa kwa Liwali, nayo ilikuwa karibu sana. Arobaini ya Riziki ilikuwa mbali. Wakanywa kahawa, wakaondoka, huyu mbele, yule nyuma.

Mzee Pandu, aliyekuwa amejificha ndani ya kabati alilokuwa akilitengeneza, akatoka akasema kwamba sheria ni sheria na sasa wamesalimika. Bi Mwantumu akaokota vikombe vya kahawa. Alikuwa amewatazama wale mabwana nyuso walipokuwa wakiaga, na hakuona uso wa mtu aliyeshindwa. Aliona nyuso za watu waliokwenda kutafuta neno.

Neno walilipata. Siku iliyofuata akaja karani wa baraza, kijana mwembamba mwenye adabu, akiwa na mpiga ngoma. Ngoma ikapigwa, majirani wakakusanyika, naye akatangaza uamuzi wa Mtukufu Liwali. Imeonekana, alisema, kwamba kitu kilichosimama baina ya barabara na mtaa, chenye kuviunganisha, hakiwezi kuwa nyumba. Kitu kinachounganisha njia mbili ni daraja. Kwa hiyo tangu leo jengo hili ni daraja, na limekuwa daraja siku zote, ila halikugunduliwa. Na kwa kuwa hajapata kuonekana mwanamke aliyelala uzazini juu ya daraja, imedhihirika kwamba mwanamke huyo hayupo. Sheria ya babu yake Mtukufu imeheshimiwa kikamilifu.

Wakati huo huo Riziki akaita kutoka chumbani akiomba maji.

Karani akatazama dari. Mtoto naye akalia. Karani akaeleza, bila kubabaika, kwamba madaraja mapya hulia yakianza kubeba uzito.

Kisha akamvisha Bi Mwantumu kofia yenye kifungo cha shaba, kwa sababu daraja halikosi mlinzi, na Mzee Pandu alipomwona mkewe na kofia ile akaketi chini bila kukusudia. Daraja, karani akaendelea, halipiki, halilali wala halipokei wageni. Kazi yake ni kupitisha. Milango yote miwili iachwe wazi mchana kutwa. Na asubuhi ya ufunguzi watakuja vibarua kubomoa ukuta wa kulia, mbele na nyuma, ili motokaa ipate upana.

Ukuta wa kulia ulikuwa wa chumba cha Riziki.

* * *

Zilizofuata zilikuwa siku mbaya. Lami haikuwa imemaliza hata wiki mtaani kwao, na tayari kila mwenye safari aliona fahari kupita juu yake, na kwa hiyo kupita ukumbini kwa Bi Mwantumu. Walipita hamali na magunia. Walipita kondoo wa machinjioni. Likapita jeneza, na waombolezaji wakatoa pole kwa mazoea. Likapita bibi harusi na ngoma zake, na mpiga zumari akasimama kidogo kupumua mlangoni mwa Riziki, kisha akapuliza upya. Watu waliokuwa zamani wakibisha hodi na kuvua viatu sasa waliingia na viatu, wakamwambia Bi Mwantumu samahani mlinzi, wakatokea upande wa pili.

Ndani, Riziki hakulala. Kila kishindo kilimshtua, maziwa yakaanza kupungua, na mtoto akawa analia hata akiwa kifuani. Bi Mwantumu alikuwa akimkanda kwa maji ya moto, huku amevaa kofia, na machozi yakimshuka kimya kimya. Hakuwa mtu wa kulia. Binti yake alimtazama, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Mama, ni kweli watavunja?"

"Wamesema watavunja," alijibu Bi Mwantumu. "Wewe nyonyesha."

Alipotoka nje alimkuta karani, ambaye alikuja kila alasiri kukagua kama daraja linapitisha. Bi Mwantumu akampa kahawa na kipande cha mkate wa kumimina, akaketi naye barazani, akaanza kumuuliza juu ya kazi yake mpya, kama mtu mwenye hamu ya kuifanya vizuri. Je, mlinzi ana mamlaka gani? Karani akasema kwa masikitiko kwamba hana mengi. Je, hawezi kufunga daraja hata kidogo, afagie? Hawezi, alisema karani. Daraja la dola hufungwa kwa mambo mawili tu, msiba wa Liwali, Mungu atuepushie, au matengenezo.

Bi Mwantumu akammiminia kahawa nyingine. Akauliza matengenezo hutakiwa kuombewa ruhusa kwa nani.

Karani akafikiri. Hakupata kusikia mtu aliyeomba. Daraja la Mto Kijiti, kwa mfano, lilikuwa kwenye matengenezo tangu babu yake yeye karani alipokuwa karani. Alipoanza kazi aliwahi kuuliza nani anayelitengeneza, akaambiwa asiwe na kiherehere. Watu wa huko huvuka kwa kuogelea, na kila mwaka Liwali hupelekewa salamu kwamba kazi inaendelea vizuri. Hajapata kumwona mtu katika nchi hii, alisema karani huku akijifuta makombo, aliyethubutu kuzuia matengenezo. Ni kama kuzuia sala.

Bi Mwantumu akasema naam, akamfungia mkate uliobaki ampelekee mama yake.

* * *

Mzee Pandu aliposikia alichotakiwa kufanya, alikataa. Alisema wazi kwamba anaogopa. Alisema jela ya Zumbara haina madirisha, na yeye ni mtu wa pumzi fupi. Alisema mabwana wale ni wasomi, hawawezi kudanganyika kwa magogo na kamba. Bi Mwantumu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamshika mkono, akampeleka chumbani kwa Riziki.

"Baba Riziki," akamwambia, "kesho ukuta huu utaangukia hapa. Onyesha mahali utakaposimama wewe."

Mzee Pandu akamtazama binti yake, aliyekuwa amefumba macho na mtoto amemlalia mkononi. Halafu akatoka kwenda kutafuta msumeno.

Alifanya kazi alasiri ile ile, kweupe, mbele ya watu wote. Alisimamisha nguzo mlango wa mbele na nguzo mlango wa nyuma, akazifunga miti ya kupita kwa kamba za usumba, akaegemeza ngazi, akamwaga rundo la mchanga na rundo la chokaa, akatundika kitambaa chekundu, na juu akapigilia ubao ulioandikwa kwa herufi kubwa kwamba daraja limefungwa kwa matengenezo. Kila alipopita mtu mwenye kofia, aliangusha nyundo. Lakini vibarua wa Idara ya Barabara waliona nguzo wakajua ni kazi ya Mitaa, wakageuka. Vibarua wa Idara ya Mitaa waliona wakajua ni kazi ya Barabara, wakageuka. Askari mmoja alikuja hasa kuuliza; Bi Mwantumu akamwambia ashike ngazi isiteleze, akaishika mpaka kazi ilipokwisha, akashukuriwa.

Asubuhi ya ufunguzi walikuja vibarua na nyundo za kubomolea, huku wanne, kule wanne. Wakasoma ubao. Msimamizi wao akasema hana amri ya kubomoa kitu kinachotengenezwa. Angeagizwa kubomoa kitu kizima, angekibomoa. Wakaketi kivulini kungojea amri nyingine.

Na kabla amri haijaja, pembe ya motokaa ikasikika.

* * *

Ilikuja taratibu, nyekundu, inang'aa, na mbele yake matarumbeta, na nyuma yake wazee wa baraza wakikimbia kwa heshima. Liwali alikaa wima kama picha. Bi Mkubwa hakuwamo. Alikuwa ametangulia kwa mama yake tangu jana, kusimamia biriani ya mkwe. Watu wa Topeni walijaa pande zote mbili, na katikati, mbele ya nguzo, alisimama Bi Mwantumu na kofia yake. Mzee Pandu alikuwa nyuma ya rundo la mchanga.

Motokaa ikasimama. Matarumbeta yakaishiwa pumzi. Bwana Ghalibu, aliyekuwa amekuja na motokaa, akaona nguzo akapauka. Bwana Zaharani, aliyekuwa akingoja upande wa pili, akatokea kupitia kichochoro cha tope kinachoizunguka nyumba, joho lote limeharibika, naye akaziona akapauka vile vile. Kila mmoja alidhani mwenzake amefanya kazi asiyoijua yeye, na kila mmoja aliona kwamba kukiri hajui mbele ya Liwali ni kuanguka.

Liwali akauliza hiki ni nini.

Bwana Ghalibu akatangulia mbele. Akasema ni matengenezo, Mtukufu, yaliyoanzishwa na Idara ya Barabara kwa kuona mbali. Bwana Zaharani akasema kwa kasi kwamba Idara ya Mitaa ndiyo iliyoona mbali kwanza. Nyuma ya ukuta, mtoto akaanza kulia, na karani, aliyekuwa karibu, akakohoa kwa nguvu kadiri alivyoweza.

Liwali akashuka. Hakuna aliyetarajia kwamba angeshuka. Akasogea mpaka kwenye nguzo, akachungulia ukumbini, akatazama lami ya upande wa pili ilivyonyooka moja kwa moja hadi mlangoni kwa mkwewe, ambako moshi wa biriani ulikuwa ukipanda. Akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia mlinzi wa daraja, akainama kidogo, akauliza kwa sauti ambayo wazee wa baraza hawakuisikia:

"Daraja hili ni bovu?"

"Bovu, Mtukufu."

"Bovu sana?"

Bi Mwantumu alimtazama usoni, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba mtu huyu naye ana jambo linalomtisha. Sauti yake ikamtoka laini kama anayembembeleza mtoto. "Bovu mno, Mtukufu. Ukilipita leo, hatujui kama utarudi salama."

Liwali akavuta pumzi ndefu. "Basi msiharakishe," akasema. "Fanyeni kazi ya uhakika."

Akarudi akapanda juu ya kiti cha motokaa, akahutubia. Alisema ametembelea nchi nyingi, na hakupata kuona idara zinazotengeneza kitu kabla hakijaharibika. Alisema moyo wake ulikuwa kwa mkwewe, na ungebaki kuwa kwa mkwewe, ila usalama wa dola si mchezo. Akawavisha Bwana Ghalibu na Bwana Zaharani nishani palepale, akaamuru kila idara iongezewe maofisa wa kusimamia matengenezo. Akakikata kile kitambaa chekundu kwenye nguzo, kikawa ndio utepe. Matarumbeta yakapigwa. Dereva hakuwa amejifunza kurudi nyuma, kwa hiyo wazee wa baraza wakaisukuma motokaa mpaka jumbani, na biriani ikaliwa na watu wa Topeni.

Jioni yake yule mkwe mwenyewe, bibi kizee mkavu mwenye macho makali, alikuja kwa miguu na sinia la zawadi za mtoto. Hakuna aliyejua bado kama amekasirika. Akakaa na Riziki, akambeba mtoto, akamwombea. Alipokuwa akitoka alizitikisa zile nguzo kwa mkono, kuona kama zimekaza.

"Mwanangu," akamwambia Bi Mwantumu, "mimi na yule bwana tumeishi vizuri miaka yote hii. Matengenezo haya yasije yakaisha mapema."

* * *

Arobaini ya Riziki ilifika. Maziwa yalikwisha rudi, mashavu yamejaa, na mtoto amenenepa hata mikono imejikunja. Mama na mtoto wakatolewa nje, wakapambwa, wakapigiwa vigelegele. Shughuli ilipomalizika, Mzee Pandu, ambaye tangu siku ile hakulala vizuri kwa ajili ya uongo ule, alisema kwamba sasa inatosha. Mzazi ametoka, hofu imekwisha, awe mtu mwaminifu tena. Akapanda ngazi, akafungua kamba, akaitoa nguzo ya kwanza.

Hakuwa ameishusha chini alipomwona Bwana Ghalibu anakuja mbio juu ya lami, kofia mkononi, na nyuma yake maofisa wapya wa Idara ya Barabara, waliokuwa wengi hata mtaa ukajaa. Kwenye kichochoro kile cha tope akatokea Bwana Zaharani na wa kwake. Mzee Pandu akaganda pale pale kwenye ngazi, nguzo begani.

"Bibi," alisema Bwana Ghalibu, akihema, "usiniambie limepona."

Bi Mwantumu akamtazama, akawatazama wale maofisa, kila mmoja na kifungo chake kipya cha shaba, kila mmoja na uso wa mtu mwenye watoto nyumbani. Akafahamu. Akasema kwa sauti yake ndogo kwamba kwa kweli leo limeamka na nafuu kidogo, lakini yeye si mtaalamu.

Bwana Zaharani akasema nafuu ya aina hiyo ndiyo ya kuogopwa. Akamwendea Mzee Pandu, akamwomba nguzo kwa adabu, akashika ncha moja. Nguzo ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, ikamwelemea. Bwana Ghalibu akasitasita. Kisha akaikunja mikono ya joho lake, akashika ncha ya pili, na wakuu wale wawili wakasemeshana kwa mara ya kwanza tangu maandamano ya Idi, mmoja akisema nyanyua na mwenzake akisema polepole.

Bi Mwantumu alisimama pembeni akiwaelekeza, kushoto kidogo, juu kidogo, hapo hapo. Ilipokaa sawasawa aliwashukuru, akaingia ndani, akarudi na beseni la nguo za mtoto, akazianika kwenye miti ya nguzo zile.